Mfuatano na Uwezekano: Hesabu Kwanza, Kanuni Baadaye

Watahiniwa wengi wanazijua kanuni za mada hizi, lakini wanapoteza alama kwa sababu ya kosa la namba moja tu. Fuatilia swali hili hatua kwa hatua.

Swali
Viti vya ukumbi vimepangwa katika safu 8. Safu ya kwanza ina viti 6, na kila safu inayofuata ina viti 4 zaidi ya iliyotangulia. Kila kiti kina tiketi yake, na tiketi zote zimechanganywa ndani ya boksi. Amina anachota tiketi moja bila kuangalia, hairudishi, kisha Juma naye anachota. Tafuta:
(a) idadi ya viti katika safu ya mwisho;
(b) jumla ya viti vyote;
(c) uwezekano kwamba wote wawili watakaa safu ya kwanza;
(d) uwezekano kwamba mmoja atakaa safu ya kwanza na mwingine safu ya mwisho.

Ufumbuzi
(a) Usiandike 6 + 8 × 4 = 38. Jipime kwa safu ya pili: ina viti 10, yaani 6 + 1 × 4. Ili kufika safu ya pili umeongeza 4 mara moja tu. Kufika ya nane unaongeza mara 7. Ndiyo maana kanuni ina (n − 1):
A₈ = 6 + 7 × 4 = 34

(b) Unganisha safu ya kwanza na ya nane: 6 + 34 = 40. Ya pili na ya saba: 10 + 30 = 40. Jozi ziko 4, hivyo jumla ni 4 × 40 = 160. Kanuni ya n/2 (A₁ + Aₙ) inafanya kazi hiyohiyo.

(c) Amina: 6/160. Sasa zimebaki tiketi 159, na za safu ya kwanza ni 5. Kiasi na asili vyote vimepungua.
6/160 × 5/159 = 30/25440 = 1/848

(d) Swali halikusema nani akae wapi. Kuna njia mbili: Amina mbele na Juma nyuma, au kinyume chake.
2 × 6/160 × 34/159 = 408/25440 = 17/1060
Ukisahau kuzidisha kwa 2, utapata nusu ya jibu.

Kumbuka
Ukikosea (a), jibu la (b) litaharibika, na asili katika (c) na (d) itakuwa si sahihi. Sekunde chache za kujipima kwa safu ya pili zinalinda swali zima.

Zoezi
Rudia swali hili kwa safu 10, safu ya kwanza ikiwa na viti 5 na nyongeza ya viti 3. Jibu (a), (b) na (c) bila kutazama ufumbuzi.

*Majibu:* (a) 32 (b) 185 (c) 1/1702