Somo la Wiki: Uchungu, Maumivu na Miwani ya Uhalisia Pepe



Wiki hii tunajifunza maneno ya kujifungua. Hapa Jeddah mama zetu wengi huzaa wakiwa mbali na mama zao, shangazi zao na majirani waliowazoea. Mara nyingi mtoto mkubwa wa nyumba ndiye anayepiga simu na kutafsiri. Kwa hiyo maneno haya si ya mtihani tu.

Maneno mapya

*Uchungu*: maumivu ya kuzaa. Husemwa "mama ameshikwa na uchungu". Kiarabu nacho kina neno lake la pekee, talq. Lakini angalieni: "nina uchungu moyoni" ni huzuni, na "dawa chungu" ni ladha.

*Chupa imepasuka*: maji yanayomzunguka mtoto tumboni yameanza kutoka. Asiyejua atatafuta vigae sakafuni! Ukisikia maneno haya, mama aende hospitali.

*Mkunga*: mtaalamu wa kuzalisha.

*Leba*: wodi ya kujifungulia.

*Ganzi*: hali ya mwili kutohisi. Ganzi ya mgongoni ni dawa inayochomwa karibu na uti wa mgongo ili kuzuia uchungu.

*Uhalisia pepe*: mahali palipotengenezwa na kompyuta. Ukivaa miwani yake unaona kama umo ndani, na ukigeuza kichwa unaona upande mwingine.

Habari ya kusoma

Maumivu husafiri kwenye mishipa ya fahamu, hupitia uti wa mgongo, kisha hufika kwenye ubongo. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba njiani humo mna kitu kama lango. Lango likifunguka, maumivu mengi hupita. Likijibana, hupita machache. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua. Tena ubongo haushughulikii mambo yote kwa nguvu moja. Ukiupa kazi nyingine, maumivu hupata nafasi ndogo.

Huko Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson waliitumia hali hiyo kwa wagonjwa walioungua moto. Kusafishwa kidonda cha moto kunauma sana. Wagonjwa walivalishwa miwani ya uhalisia pepe, wakajiona wako kwenye bonde la barafu wanarusha matonge ya theluji. Mchezo huo uliitwa SnowWorld. Walichagua theluji kwa kuwa iko mbali kabisa na moto. Wengi walisema maumivu yalipungua, ingawa dawa zao waliendelea kupewa.

Baadaye miwani ikafika leba. Mwaka 2019 hospitali kuu ya chuo kikuu mjini Cardiff, Wales, iliijaribu kwa wajawazito. Mwaka 2020 Dkt. Melissa Wong na wenzake wa hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, walitoa matokeo ya jaribio la wanawake 40 wanaozaa kwa mara ya kwanza. Baadhi walivaa miwani kwa muda wa hadi nusu saa, wengine hawakuvaa. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya waliovaa yalishuka kama nusu alama, na ya wasiovaa yakapanda kama nusu alama.

Nawaambia kama muuguzi: nusu alama ni msaada, lakini ni msaada mdogo. Miwani haiondoi uchungu wala haichukui nafasi ya ganzi kwa anayeihitaji. Wengine huwapa kichefuchefu na kizunguzungu, na mwenye kifafa aseme kabla ya kuivaa. Na mama akianza kusukuma, anahitaji kumwona na kumsikia mkunga.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linashauri kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye wakati wa uchungu. Linataja pia kuvuta pumzi polepole, muziki na kukandwa. Bibi zetu waliyafanya haya kwa mikono yao na kwa maneno yao. Miwani inafanya sehemu tu ya kazi hiyo. Haijui kukuuliza "unaumwa wapi, mwanangu?"

Wazazi, ulizeni hospitalini mapema: nani anaruhusiwa kuingia leba, na kuna njia gani za kupunguza uchungu?

Sarufi kidogo

Uchungu ni ngeli ya U: uchungu *umeanza*, *umezidi*, *umepoa*. Msiseme "uchungu imeanza".

Maumivu ni ngeli ya YA: maumivu *yamepungua*.

Miwani: miwani *hii imevunjika*, ziwapo nyingi, miwani *hizi zimevunjika*.

Zoezi: jaza nafasi

1. Mama ________ na uchungu tangu alfajiri.
2. Uchungu ________ kila baada ya dakika tano.
3. Tafadhali nikande ________, maumivu yako hapo.
4. Chupa ________, twende hospitali.
5. Kutoka 0 hadi 10, maumivu yako ni ________?

Kazi ya nyumbani

Muulize mama, au mpigie bibi simu: "Ulipokuwa na uchungu, nani alikaa nawe, na nini kilikusaidia?" Anza na shikamoo, msikilize mpaka amalize, kisha andika sentensi tano kwa Kiswahili. Wakubwa waandike kumi. Mama asiyependa kusimulia asilazimishwe. Mwanafunzi huyo atafanya zoezi la juu mara mbili.

Tutasomeana Jumamosi darasani, inshallah.