Homa ya Mgonjwa wa Saratani

Niliitwa kumtazama bibi mmoja katika kijiji kati ya Kilosa na Mikumi. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alitibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, kisha wanawe wakaambiwa kuwa haitapona. Wakamrudisha nyumbani.

Alikuwa na homa. Wanawe walisema, "Daktari, ni saratani hiyo. Hakuna la kufanya." Mimi nilidhani ni malaria. Nikampima damu, malaria hakuna. Ndipo nikamwuliza, "Shikamoo bibi, unaumia wapi?" Akajibu, "Marahaba mjukuu wangu. Naumia nikikojoa." Kumbe vijidudu vilikuwa katika njia ya mkojo! Ningemwuliza kwanza. Alipewa dawa. Siku ya tatu homa ilishuka, akaomba uji. Saratani ilibaki, lakini maumivu yale yalikwisha.

Katika damu mna chembe nyeupe. Hizo ni askari wa mwili. Saratani huwadhoofisha askari hao. Baadhi ya dawa za saratani pia huwapunguza. Mgonjwa aliyepewa dawa hizo karibuni akipata homa ya nyuzi 38, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuche.

Mtazame kinywani. Utando mweupe mara nyingi ni fangasi, nao una dawa. Sikiliza kifua: kikohozi na kuhema haraka huweza kuwa nimonia. Mgeuze kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgongo.

Watu wengi huona haya kutaja harufu ya kidonda cha saratani. Harufu hiyo huletwa na vijidudu vinavyokaa katika nyama iliyokufa. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi, yakipoa osha kidonda taratibu. Mwulize mganga juu ya vidonge vya metronidazoli, ambavyo wengi huviita Flagyl. Husagwa, na unga wake hunyunyizwa juu ya kidonda. Nimemwona mgonjwa aliyehamishiwa banda la uani kwa sababu ya harufu. Siku chache baadaye alirudishwa chumbani kwake, wajukuu wakakaa naye.

Siku za mwisho, mgonjwa asipoweza kumeza, sindano nyingi humtesa bure. Lowesha midomo yake kwa kitambaa safi. Dawa ya maumivu isikatizwe.