Homa baada ya dawa za saratani si ya kungoja asubuhi

Mgonjwa wa saratani anayetiwa dawa mshipani, matibabu yanayoitwa kemotherapi, aghalabu hukaa hospitali saa chache tu. Kisha hurudi nyumbani kwa wiki mbili au tatu, mpaka zamu nyingine ifike. Wakaaji wengi wa Diani, Ukunda, Msambweni na Kwale mjini hutiwa dawa hizo Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Kwa hivyo madhara ya dawa hayawakuti mbele ya daktari. Huwakuta kitandani kwao, wakiwa na jamaa ambao pengine hawakuelezwa la kufanya.

Tuanze na homa, kwa kuwa ndiyo inayoua upesi. Dawa za saratani huangamiza chembe zinazozaana kwa haraka. Uvimbe wa saratani una chembe za namna hiyo, lakini uboho wa mifupa nao unazo, na huko ndiko zinakotengenezwa chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Kwa dawa nyingi, askari hao hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya mgonjwa kutiwa dawa. Siku hizo, hata vijidudu vinavyoishi kinywani au tumboni mwake vinaweza kuingia katika damu na kumuua kwa muda wa saa chache. Hana askari wa kutosha wa kuleta usaha wala uvimbe, basi huenda dalili ikawa moja tu: joto la mwili kupanda.

Hapa pwani, homa ina jina lake tayari. Mtu akitetemeka, jamaa husema ni malaria. Hununuliwa dawa dukani, akapewa na panadol, akafunikwa shuka, ikangojwa asubuhi. Kwa anayetiwa dawa za saratani, usiku huo mmoja unaweza kuwa wa mwisho. Sisemi malaria haipo; Kwale ipo, na kipimo chake kifanywe. Lakini hata kipimo kikionyesha malaria, mgonjwa huyu anaweza kuwa na maambukizi mengine pamoja nayo. Tena panadol hushusha joto bila kugusa maambukizi, hata muuguzi akipima akakuta joto la kawaida, akamrudisha mgonjwa nyumbani.

Basi nunua kipimajoto cha kidijitali kwenye duka la dawa. Kiganja juu ya paji la uso si kipimo. Ukijisikia vibaya, pima kabla ya kumeza chochote. Joto likifika digrii 38, au 37.5 ukipima kwapani, ama ukitetemeka hata kama joto halijapanda, ondoka saa hiyo hiyo.

Uende wapi? Hilo liamuliwe mchana, siku mgonjwa yu mzima. Usiku, kutoka Msambweni hadi Likoni ni mwendo mrefu, kisha kuna kivuko chenyewe, au mzunguko wa Dongo Kundu. Usikimbilie kliniki yako ya Mombasa ikiwa kuna hospitali ya karibu inayoweza kukuanzishia viuavijasumu vya mshipani, kama vile hospitali ya rufaa ya Msambweni. Dawa hizo zinatakiwa ndani ya saa moja baada ya kufika. Safari ya Mombasa inaweza kufuata baadaye. Jueni pia ni jirani gani mwenye gari atakayekubali kuamshwa saa nane za usiku.

Beba karatasi iliyoandikwa: natibiwa kwa kemotherapi, majina ya dawa, tarehe ya mwisho niliyotiwa, na simu ya kliniki. Mwonyeshe mtu wa kwanza utakayemkuta hapo hospitalini, usisubiri foleni. Omba upimwe hesabu kamili ya damu pamoja na malaria.

Kinga nayo huanzia jikoni. Kiporo cha wali kilicholala nje ya friji kiache, hata kama ndicho staftahi yako ya miaka yote. Acha pia maziwa mabichi, chaza wasiopikwa na kachumbari ya barabarani. Maji ya kisima yachemshwe. Dafu ni zuri, mradi limepasuliwa mbele yako kwa kisu kilichooshwa. Wageni wanaokuja kutoa pole wanawe mikono, na mwenye mafua apige simu tu. Hakuna ukosefu wa adabu katika hilo.

Dawa ya kuzuia kichefuchefu imezwe kwa saa zake, kabla hujaanza kutapika. Harufu ya nazi inayochemka na ya samaki wa kukaanga huwashinda wengi, basi apikie mwingine, mbali na chumba. Chakula kilichopoa kidogo hakinuki sana. Kula kidogo kidogo: uji, yai lililoiva sawasawa, ndizi. Kinywa kikichubuka, sukutua mara 4 kwa siku kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mswaki wa mti uweke kando, maana huchoma ufizi. Tumia wa dukani ulio laini.

Neno juu ya mitishamba. Lile ua dogo la waridi au jeupe linaloota uani kwetu hata penye mchanga mtupu, asili yake Madagaska, ndilo lililotoa dawa za vinkristini na vinblastini. Vinblastini ilitengwa nchini Kanada mwaka 1958. Hiyo si ruhusa ya kuchemsha majani yake. Kipimo cha hospitali huhesabiwa kwa miligramu. Sufuria haihesabu, na sumu yake ni kali. Mwarobaini na shubiri pia mwambie daktari kabla ya kunywa. Hatakufukuza.

Mkojo, choo na matapishi hubeba dawa kwa siku mbili hivi. Anayesafisha avae glavu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mkojo ukiwa mwekundu siku moja au mbili baada ya kutiwa doksorubisini, ile dawa nyekundu, hiyo ni rangi ya dawa. Ukizidi hapo, nenda ukapimwe.

Mwezi wa Ramadhani ukifika katikati ya matibabu, zungumza na daktari na imamu wako pia. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na baadhi ya dawa, kama sisplatini, huharibu figo za mtu asiyekunywa maji ya kutosha.

Weka daftari. Andika joto, siku uliyotapika, siku uliyoshindwa kula, na ulipeleke kliniki zamu ijayo. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kuongeza dawa ya kichefuchefu, lakini tu akijua yaliyotokea nyumbani.