Sheria Isiyo ya Haki na Dhamiri ya Mkristu

Je, Mkristu amefungwa kutii kila sheria ya serikali? Twajua sote kwamba mamlaka yatoka kwa Mungu, na kwamba kulipa kodi na kuwaheshimu wakuu wa nchi ni wajibu wetu. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba amri iliyo kinyume cha haki ni jeuri kuliko kuwa sheria, nayo haiifungi dhamiri. Tuitazame Afrika ya Kusini, tupate kuona jinsi fundisho hili lilivyotendwa, na kwa gharama gani.

Mwaka 1953 serikali ya huko ilitunga sheria ya elimu ya Wabantu, ili mtoto Mwafrika afundishwe kadiri ya kazi za chini alizowekewa. Misioni ziliambiwa: toeni shule zenu, au mkose msaada wa fedha. Madhehebu mengi yalizitoa kwa huzuni. Maaskofu Wakatoliki walikataa, wakawaomba waamini sadaka ili shule ziendelee.

Mwaka 1957 Maaskofu hao walitamka kwamba ubaguzi wa rangi, uitwao apartheid, ni uovu kwa asili yake. Lakini katika tamko lilo hilo walikiri jambo la kuaibisha: ubaguzi ulikuwamo pia katika shule, seminari na nyumba za watawa za Kanisa lenyewe.

Kukiri si kutenda. Miaka 19 ilipita. Ndipo, Januari 1976, masista wa shule kadhaa za watoto wa Kizungu walipoanza kuwapokea watoto wa rangi nyingine, kinyume cha sheria. Serikali ilitisha kuzifunga shule hizo, lakini milango haikufungwa tena.

Twajifunza nini? Kwanza, asiyetii sheria dhalimu hufanya hivyo mchana, akiwa tayari kulipa gharama. Denis Hurley, Askofu Mkuu wa Durban, alishtakiwa mwaka 1984 kwa kuyasema hadharani maovu ya polisi katika Namibia. Mwaka 1985 mashtaka yakafutwa. Pili, mwenye kuikemea serikali hana budi kuitoa kwanza boriti iliyo jichoni pake. Miaka ile 19 ilikuwa utoto mzima wa watoto waliozuiwa mlangoni, si na askari, bali na Wakristu wenzao.

Ewe baba, ewe mama, usiseme kwamba hayo ni ya mbali. Mtoto wako akisikia mezani kabila la jirani likidharauliwa, amekwisha kufundishwa ubaguzi kabla serikali yo yote haijautungia sheria. Ufungue mlango wako leo, usingoje miaka 19.