Anaijua dini yake, mbona anaanguka kwenye insha?



Ninayo karatasi ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne ambayo sijaitupa mpaka leo. Ilikuwa ni jaribio la darasani la somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Swali lilikuwa fupi: "Mkataba wa Hudaybiya ulikuwa ni ushindi kwa Waislamu. Jadili."

Binti huyu alijaza kurasa nne. Alieleza ndoto ya Mtume (s.a.w), safari ya kutoka Madina mwaka wa 6 Hijria, Uthman bin Affan kutumwa Makka, kiapo cha chini ya mti, kufika kwa Suhayl bin Amr, masharti yote ya mkataba, mpaka Waislamu walipochinja na kunyoa. Hakukosea hata jina moja. Nikampa alama 5 kati ya 15.

Baada ya kipindi alinifuata, macho yamemjaa machozi. "Ustadh, nimekosea wapi?" Nikamwambia hakukosea popote. "Sasa mbona tano?" Nikamwomba asome tena swali kwa sauti. Alipofika kwenye neno la mwisho, akanyamaza.

Neno lenyewe ni "jadili". Yeye alikuwa amesimulia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu sisi Waislamu tukizungumzia matokeo ya somo hili, mazungumzo yetu mengi huishia kwenye Baraza la Mitihani. Hatukosi sababu. Mwaka 2012 matokeo ya kidato cha sita ya somo hili yalilalamikiwa, na Baraza likakiri kuwa kulikuwa na kasoro katika kukokotoa alama, likayarekebisha. Kudai haki ni wajibu, na palipo na dhulma tusinyamaze. Lakini je, siku mizani ikiwa sawa kabisa, watoto wetu wanaweka nini juu ya mizani hiyo? Hilo ndilo swali ninalotaka tujiulize leo.

Kukariri si kosa, kuishia hapo ndiko kosa

Watoto wengi wa Kiislamu wamepita madrasa. Wamehifadhi sura, dua na sira. Hii ni neema, na asije mtu akatuambia kuwa kukariri ni ujinga. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na mzigo mzima wa notsi kichwani, na akiona tu neno "Hudaybiya" anaumwaga wote. Haangalii ameulizwa nini. Kwa kuwa mtihani huu ni wa Kiswahili, na ni wa dini yake, anauona mwepesi. Usiku wa kuamkia mtihani anasoma Fizikia.

Wanachuoni wetu hawakuwa hivyo. Elimu ya fiq-hi yote imesimama juu ya hoja na dalili. Imamu Shafii aliandika kitabu kizima, Ar-Risala, akifafanua namna ya kutoa hukumu kutoka kwenye dalili zake. Imamu Bukhari hakutosheka na kuipata Hadithi, aliangalia imetoka kwa nani na huyo aliipokea kwa nani. Kwa hiyo insha ya hoja ni mila yetu ya kielimu, na sisi ndio tulioiacha.

Tulifanyie kazi swali lile lile

Mwanafunzi, chukua kalamu. Tulijibu swali la Hudaybiya pamoja.

Kwanza, soma swali mara mbili na upige mstari chini ya neno la amri. "Orodhesha" linataka utaje tu. "Eleza" na "fafanua" yanataka utaje kisha ufungue maana. "Linganisha" linataka vitu viwili viwekwe bega kwa bega. "Jadili" linataka upime: kuna upande unaosema ndiyo na kuna upande unaosema hapana, nawe utoe uamuzi wenye sababu.

Pili, tumia dakika tano kuandika vichwa vya hoja kabla ya kuanza. Wanafunzi huziona dakika hizi kuwa zimepotea. Anayezikwepa hugundua katikati ya insha kuwa amerudia hoja moja mara tatu, na muda umekwisha.

Tatu, utangulizi uwe mfupi. Sentensi tatu au nne zinatosha: mkataba huu ni nini, ulifanyika lini na kati ya nani na nani, na wewe unasimama wapi. Safari nzima kutoka Madina haina nafasi hapa.

Nne, kila hoja iwe na aya yake, na kila aya iwe na vitu vitatu: hoja yenyewe, dalili, na sentensi inayorudi kwenye swali. Chukua mfano huu. Hoja: amani iliyopatikana ilifungua mlango wa da'awa. Dalili: Hudaybiya Mtume (s.a.w) alikwenda na Masahaba wapatao 1,400, miaka miwili baadaye, mwaka wa 8 Hijria, aliingia Makka na watu wapatao 10,000. Kurudi kwenye swali: jeshi halikui hivyo kwa miaka miwili kama watu hawakupata nafasi ya kuusikia Uislamu kwa utulivu, kwa hiyo mkataba ulileta ushindi ambao vita haikuleta. Hoja nyingine utazipata mwenyewe: Makuraishi kukubali kuandikiana mkataba na watu waliokuwa wakitaka kuwafuta, barua kwa watawala kama Hirqal wa Rumi na Kisra wa Uajemi, Khalid bin Walid na Amr bin Al-As kusilimu kabla Makka haijafunguliwa.

Tano, usiukimbie upande wa pili. Hapa ndipo wanafunzi wetu wengi huogopa, wakidhani kutaja ugumu wa masharti ni kuuvunjia heshima Uislamu. Lakini Umar (r.a) mwenyewe alimwendea Mtume (s.a.w) akamuuliza kwa nini wakubali unyonge. Abu Jandal alifika na minyororo miguuni, akarudishwa, na Waislamu wakaumia sana. Yaandike haya kwa uwazi, kisha yajibu. Sharti lile lile la kuwarudisha waliokimbia Makka liliwageukia Makuraishi: Abu Basir na wenzake walipiga kambi njia ya pwani wakaisumbua misafara yao, hata Makuraishi wenyewe wakaomba watu hao wachukuliwe Madina. Hoja iliyokabiliana na pingamizi ina nguvu kuliko hoja iliyojificha.

Sita, hitimisho litoe uamuzi. Hapa ndipo pa kumkumbusha msahihishaji kuwa Suratul Fat-h, iliyoshuka Waislamu wakiwa njiani kurudi, inaanza kwa kulitaja tukio hili kuwa ni ushindi ulio wazi. Usirudie hoja zote upya.

Amana ya dalili

Kuna jambo moja linaniumiza kila ninaposahihisha. Mwanafunzi anajua kuwa dalili ina alama, lakini hakumbuki aya. Basi anatunga. Anaandika "Mwenyezi Mungu anasema" kisha anaweka maneno yake mwenyewe, na namba ya aya aliyoibuni. Wengine wanamsingizia Mtume (s.a.w) Hadithi ambayo hakuisema, ilhali tunajua onyo kali lililokuja juu ya anayemzulia uongo kwa makusudi.

Mwanangu, alama mbili hazina thamani hiyo. Kama unakumbuka maana tu, andika kuwa Qur'an inafundisha jambo hili, kwa maneno yako, bila kudai kuwa unanukuu. Kama unakumbuka sura na si namba, taja sura. Kama hukumbuki kabisa, itete hoja yako kwa tukio la sira unalolijua. Mtihani wa dini usikufanye uivunje dini.

Wajibu wetu wakubwa

Walimu wenzangu, insha haifundishwi kwa kuamrisha notsi. Tutoe swali moja la insha kila wiki, tulisahihishe, na tuandike pembeni kwa nini alama imepotea. Namba nyekundu peke yake haimfundishi mtu. Wanafunzi wakiwa wengi, wabadilishane karatasi na kusahihishana tukiwasimamia. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye mifano ya majibu mazuri na mabovu. Ni walimu wangapi kati yetu tumezisoma pamoja na wanafunzi wetu?

Wazazi, muulizeni mtoto maswali ya "kwa nini" mezani wakati wa chakula, na mwacheni ajibu mpaka mwisho. Mtoto ambaye nyumbani haruhusiwi kutoa sababu, shuleni ataitoa wapi?

Na viongozi wa misikiti, vipindi vya jioni na vya likizo vitenge muda wa kuandika, visiwe vya kusikiliza tu.

Yule binti nilimpa swali lile lile wiki iliyofuata. Safari hii aliandika kurasa mbili badala ya nne, na alipata 12. Hakuwa ameongeza elimu yoyote ya sira ndani ya siku saba. Alichojifunza ni kulisikiliza swali, na kulijibu.

Huko waendako, vyuoni, maofisini na mahakamani, vijana wetu wataulizwa maswali magumu kuhusu dini yao na haki zao. Hawatajibu kwa kusimulia.

Wabillahi tawfiiq.