Kijana Mwenye Kisukari na Mfungo wa Komunyo



Tuchukue mfano. Misa inaendelea, binti wa miaka 15 mwenye kisukari anaanza kutetemeka na kutokwa jasho. Ana pipi mfukoni, lakini anaogopa: akiila atakosa Komunyo, na watu watamtazama. Afanye nini? Aile mara moja.

Kisukari aina ya kwanza huanza mara nyingi utotoni au ujanani. Hakiletwi na kula sukari nyingi wala kulogwa. Kinga ya mwili hushambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini; bila insulini sukari hubaki kwenye damu na mwili hukosa nguvu. Mwaka 1922, huko Toronto, Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Kabla ya hapo ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Kwa hiyo sindano haiachwi kwa sababu ya mkesha wala kwa sababu ameombewa.

Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, apewe sukari kama gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chai katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu asinyweshwe chochote, awahishwe hospitali.

Kanisa linasemaje? Kanuni ya 919 inadai tusile wala kunywa saa moja kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa. Lakini kifungu cha 3 kinawaruhusu wazee, wagonjwa na wanaowahudumia kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Vivyo hivyo, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mgonjwa ambaye kufunga kungemdhuru habanwi. Atoe sadaka au sala.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara huongoza fadhila nyingine. Mfungo unaohatarisha uhai umekosa busara.

Sisi tunaofundisha Komunyo ya Kwanza tukiri: tumewakazia watoto ile saa moja, kifungu cha 3 tumekiruka. Wazazi nao wasimfiche mtoto. Wamweleze katekista, paroko na mwalimu wa kwaya.

Maswali ya jumuiya:
1. Nani kati yetu anaishi na kisukari, na tunajua dalili za sukari kushuka?
2. Akila pipi kanisani, tutamtazamaje?