Kizunguzungu cha Wazee

Tangu utoto twafundishwa kwamba sikio ni la kusikia. Mimi nami nilishika hivyo mpaka mwaka jana, bibi yangu alipoacha kwenda sokoni.

Kila akigeuka kitandani aliona nyumba yote inazunguka. Akiinua kichwa kutazama embe mtini, hali ilikuwa ile ile. Hakuanguka hata mara moja, ila hofu ilimshika. Akaacha soko, akaacha kanisa, akawa mtu wa kukaa mlangoni. Basi miguu isiyotembea hulegea, na mwenye miguu iliyolegea ndiye aangukaye kweli. Sisi tulisema, "Ni uzee tu." Najuta kulisema neno hilo.

Ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu midogo, imepindwa, nayo imejaa maji. Zungusha bakuli la maji, kisha ulisimamishe ghafula: bakuli limetulia, maji yangali yakizunguka. Ndiyo sababu mtoto aliyejizungusha uwanjani huyumba akisimama. Karibu na mifereji hiyo mna vijiwe vidogo mno, vya namna ya chokaa. Uzeeni baadhi yake hubanduka vikaingia mferejini. Kichwa kikigeuka, vijiwe huporomoka, maji husukumwa, na ubongo hudanganywa kwamba mwili unazunguka. Kwa kawaida haipiti dakika moja, lakini hurudi tena na tena.

Robert Bárány, daktari wa Vienna, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1921. (Ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya 1914, habari zilimkuta akiwa mateka wa vita Urusi!) Mwaka 1992 John Epley wa Marekani alieleza tiba isiyo kidonge wala sindano: kugeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka vijiwe vitoke mferejini.

Daktari alimfanyia bibi hivyo hivyo. Alimlaza chali, kichwa kimening'inia kidogo, akakigeuza upande wa pili, akamlaza ubavu, kisha akamketisha. Zilikuwa dakika chache tu, na bibi alipiga yowe moja.

Msijaribu nyumbani, maana shingo ya mzee si ya kuchezea, tena kizunguzungu chaweza kutokana na shinikizo la damu au dawa anazotumia. Mzee akipotewa na usemi au akilegea upande mmoja, apelekwe hospitali saa ile ile.

Jumamosi iliyopita bibi alirudi sokoni na mkungu wa ndizi. Fimbo angali anayo, ila huitumia zaidi kufukuzia mbuzi.